Mwongozo kamili: jinsi ya kuitambua, kuisoma na kuinunua dinari ya Kirumi ya enzi za Caesar, Brutus na Antony

Kama umesoma Biblia ya Kiswahili basi dinari unaijua tayari, ndo ile hela ya kutwa waliyopatana wafanyakazi wa shamba la mizabibu kwenye Mathayo 20. Neno lenyewe limesafiri sana mpaka kutufikia, Warumi walisema denarius, Waarabu wakasema dinar, na sisi tukalipokea pwani kutoka kwao. Ila wengi hawajui kwamba sarafu zenyewe bado zipo, tena kwa maelfu, na sio lazima uwe tajiri ndo uwe nayo moja mkononi.

Ya kwangu ipo hapa pembeni ya kibodi wakati naandika. Upana wake milimita 17, uzito gramu 3.62, upande mmoja kuna merikebu ya vita ya makasia, upande wa pili tai wa jeshi amesimama katikati ya milingoti miwili ya vikosi, na chini yake herufi LEG alafu X, baada ya hapo pamesagika kabisa sijui ilikuwa lejioni, yaani kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi, ya 10 au ya 12 au ya 15. Juu ya merikebu kuna kialama kidogo kama mwezi mwandamo, hicho hakikuwepo ilipotoka kiwandani, kilipigwa na mbadilisha fedha wa zamani aliyetaka kuhakikisha ndani ni fedha kweli sio shaba. Yaani kuna mtu miaka karibu 2000 iliyopita alikuwa na wasiwasi uleule niliokuwa nao mimi siku naitoa kwenye bahasha.

Nimejikita kwenye dinari za vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 49 KK Caesar alipovuka mto Rubicon mpaka 31 KK kwenye vita vya Actium, Octavian alipomshinda Antony. Sababu ni kwamba miaka hiyo 18 sarafu zilifanya kazi mbili kwa mpigo, zililipa askari na zilibeba maneno. Hakuna gazeti wala redio, jenerali anataka watu elfu kadhaa wajue yeye ni nani na anapigania nini, anakiandika kwenye mshahara wao. Ukijua kusoma mshahara huo umejua vita vyenyewe.

HATUA YA 1: Ijue dinari yenyewe kabla ya majina makubwa

Dinari ilianza kutengenezwa karibu 211 KK, wakati Roma inapigana na Hannibal, jenerali wa Carthage. Kipindi chetu hiki ratili moja ya Kirumi ya fedha ilitoa dinari 84, kwa hiyo uzito uliokusudiwa ni kama gramu 3.9, na nyingi utakazokutana nazo zitakuwa kati ya 3.5 na 4.0 kwa sababu ya kuchakaa. Dinari moja ni sawa na sarafu ndogo zaidi, sestertius 4 au as 16. Mshahara wa askari wa lejioni, baada ya Caesar kuuongeza mara mbili, ulikuwa dinari 225 kwa mwaka, piga hesabu utaona ni chini ya dinari moja kwa siku, kwa hiyo kile kipande chembamba kilikuwa hela ya maana kweli.

Zote ziligongwa kwa mkono. Bapa la fedha linawekwa juu ya fuawe lenye picha iliyochongwa kinyume, juu yake mtu anashika muhuri wa chuma wenye picha ya pili, nyundo inashuka, basi. Ndo maana hakuna mbili zinazofanana sawasawa, picha inakaa upande, herufi zinakatika ukingoni, ukingo unapasuka. Usiogope hayo, hayo ndo yanayotakiwa. Utakachokiogopa ni sarafu iliyo mviringo safi kama ya benki.

Nitasema upande wa kichwa na upande wa mwenge, kama tulivyokuwa tunarusha shilingi, hata kama upande wa kichwa una tembo.

HATUA YA 2: Jua nani alikuwa anagombana na nani

Hii ndo hatua watu wanairuka alafu wanabaki kununua vipande vya fedha visivyo na stori.

Anza na Julius Caesar. Januari 49 KK anaingia Italia na jeshi kinyume cha sheria, Pompey, jenerali mpinzani wake, na maseneta wengi wanakimbia, na kwa haraka zao wanaiacha hazina ya serikali ndani ya hekalu la Saturn. Mjumbe mmoja wa umma anaitwa Metellus anajaribu kuuzuia mlango, Caesar anamtishia na anabeba. Pliny, mwandishi wa Kirumi, anaandika zilitoka vipande 15,000 vya dhahabu, vipande 30,000 vya fedha na sestertius milioni 30 taslimu. Dinari maarufu ya Caesar ni ya miezi hiyo hiyo, ile ya tembo, mnyama anakanyaga kitu kama nyoka na chini yake limeandikwa neno moja tu, CAESAR. Upande wa mwenge kuna vyombo vya kikuhani, upawa, kinyunyizio, shoka na kofia, kwa sababu alikuwa kuhani mkuu tangu 63 KK. Kwa nini tembo? Wasomi wamebishana sana, kuna maandishi ya zamani yanayosema kwa lugha ya Wamoori wa Afrika Kaskazini tembo aliitwa jina linalofanana na Caesar na babu yake mmoja alipewa jina hilo kwa kumuua tembo. Mimi napenda maelezo hayo ila sitaki uyachukue kama mwisho wa mjadala. Kilicho wazi ni kwamba askari asiyejua kusoma angeelewa, mkubwa amemkanyaga mbaya.

Pompey alishindwa Pharsalus Agosti 48 KK akakimbilia Misri, wakamuua tarehe 28 Septemba akiwa anashuka kwenye mashua. Lakini vita havikuisha, vikahamia Afrika, na hapa nakuomba tukae kidogo kwa sababu kuna sarafu ambazo wauzaji wa Ulaya wanazipita haraka na mimi naziona ndo tamu kuliko zote.

Kwa Warumi “Africa” lilikuwa jina la jimbo lao, sehemu kubwa ni Tunisia ya leo. Huko walijipanga watu wa upande wa Pompey, Metellus Scipio (sio yule Metellus wa mlangoni) na Cato, pamoja na mfalme Juba wa Numidia, ufalme jirani. Scipio aligonga dinari yenye tembo na maneno SCIPIO IMP, yaani na yeye anamjibu Caesar tembo kwa tembo, na ukumbuke jeshi lake lilikuwa na tembo kweli kutoka kwa Juba. Akagonga nyingine yenye kichwa cha mwanamke aliyevaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkonga umeinuka juu ya paji la uso, pembeni suke la ngano na chini jembe la kukokota. Huyo mwanamke ni Afrika mwenyewe. Jina la bara letu zima limetokana na hilo jimbo, na huyu ni mmoja wa sura za mwanzo alizopewa kwenye fedha ya Kirumi, ngano pembeni ya uso kwa sababu walichokiona pale ni chakula.

Juba naye aligonga zake kwa uzito wa dinari, uso wake una ndevu na nywele zilizopangwa mistari mistari, maneno REX IVBA kwa Kilatini, ukigeuza kuna hekalu na maandishi ya Kipuniki, lugha ya watu wa Carthage iliyoharibiwa miaka 100 nyuma. Mfalme wa Kiafrika anaandika upande mmoja kwa lugha ya washirika wake na upande mwingine kwa lugha inayosomeka nyumbani. Caesar akawashinda Thapsus Aprili 46 KK, Juba akafa, Scipio akafa, Cato akajiua pale Utica. Cato ana sarafu zake pia, zimeandikwa M CATO PRO PR, ndogo zake za nusu dinari hupatikana kwa bei nzuri.

Na bado kuna mvutano mwingine wa chini kwa chini. Caesar ana dinari, nayo inaaminika iligongwa hukohuko Afrika, inayoonyesha Aeneas, shujaa wa hadithi ambaye Caesar alidai ni babu yake, anatoroka mji wa Troy amembeba baba yake begani. Miaka michache baadaye Sextus, mtoto wa Pompey, ameshika Sicily na meli zake, anatoa dinari yenye uso wa marehemu baba yake na upande wa pili ndugu wawili wa Catania wanaokoa wazazi wao na moto wa mlima Etna, katikati amesimama Neptune, mungu wa bahari. Jina alilojipa ni PIVS, mwenye kuwatii wazazi. Octavian, mtoto wa kupanga wa Caesar, naye anaandika DIVI F, mwana wa mungu, maana Caesar alishatangazwa mungu. Yaani kila upande unasema mimi ndo mtoto mwenye radhi za baba.

Brutus ndo yule kila mtu anamtaka. Alipokuwa kijana, 54 KK, ndo alikuwa zamu ya kusimamia sarafu za Roma akatoa dinari yenye kichwa cha Libertas, Uhuru, na nyuma babu yake wa hadithi aliyewafukuza wafalme. Miaka 10 baadaye, mwanzoni mwa 44 KK, Caesar anaweka uso wake mwenyewe kwenye fedha ya Roma, kitu ambacho Mrumi aliye hai hakuwahi kufanyiwa pale mjini, pamoja na DICT PERPETVO, dikteta wa maisha. Tarehe 15 Machi Brutus na wenzake wakamchoma visu. Alafu 42 KK Brutus akiwa na jeshi lake Mashariki anagonga dinari yake, upande wa mwenge kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, kushoto na kulia majambia mawili, chini EID MAR, yaani Ides ya Machi, ile tarehe 15. Geuza upande wa kichwa sasa. Uso wa Brutus mwenyewe, akiwa hai. Kile alichomuulia Caesar amekifanya na yeye. Mimi kila nikiiangalia picha yake naumia kidogo, kwa sababu naamini kweli alikuwa anaupenda huo uhuru. Oktoba mwaka huohuo alishindwa Philippi akajiua.

Antony, aliyekuwa jenerali wa Caesar, namuweka hatua ya 4.

HATUA YA 3: Jifunze kusoma herufi chache tu

Huhitaji kujua Kilatini. V ni U pia, kwa hiyo BRVT ni Brut, IVBA ni Juba. IMP ni imperator, jina ambalo jeshi lilimpa jenerali aliyeshinda, wakati huo bado halijawa “mfalme mkuu”. COS ni konsuli, mmoja wa wakuu wawili wa serikali. PRO PR ni kaimu praetor, cheo cha chini ya konsuli. III VIR R P C ni ndefu ila utaiona sana, ina maana mmoja wa watu 3 wa kuiweka sawa jamhuri, ndo cheo walichojipa Antony, Octavian na Lepidus Novemba 43 KK.

Mtego mkubwa ni AVG. Kwenye sarafu za baada ya 27 KK AVG ni Augustus, jina jipya la Octavian. Kwenye sarafu ya Antony ni augur, kuhani wa kusoma ndege. Nimeona matangazo ya kuuza yameandikwa “Augustus” juu ya sarafu ya Antony, mtu anauza sarafu ya adui kwa jina la aliyemshinda, muuzaji wa namna hiyo hata kama ni mkweli hajui anachokishika.

Ukishapata herufi mbili tatu na picha, ingia kwenye CRRO, ni hifadhidata ya bure mtandaoni ya sarafu za jamhuri ya Kirumi, unatafuta kwa neno au kwa picha unapata namba ya Crawford, msomi aliyeziorodhesha sarafu hizo. Namba hiyo ndo kama kitambulisho cha sarafu. Ya tembo wa Caesar ni 443/1, ya majambia ni 508/3, za lejioni za Antony ni 544. Muuzaji yeyote makini ataiandika, na wewe uilinganishe mwenyewe usimwachie.

HATUA YA 4: Nunua ya Antony kwanza

Najua roho inataka Caesar. Dinari ya tembo iliyo na hali ya kuridhisha ni mamia ya dola na nzuri inapita elfu, ya majambia usiifikirie, inafika mamia ya maelfu. Ya lejioni ya Antony iliyochakaa unaipata kwa kama dola 100 hadi 200, na kwa kujifunza hakuna iliyo bora zaidi.

Mwaka 32 kuelekea 31 KK Antony yupo Ugiriki na Cleopatra, anajiandaa kupigana na Octavian, jeshi kubwa na meli mamia, wote wanataka kulipwa. Akagonga dinari nyingi mno, muundo ule ule, merikebu upande wa kichwa na ANT AVG III VIR R P C, tai upande wa mwenge na namba ya lejioni. Namba zinaanzia II mpaka XXIII. Ya kwanza imeandikwa LEG PRI na ni adimu sana, na ukiona namba juu ya XXIII weka hela yako mfukoni. Ya 4 inaweza kuwa IIII au IV, ya 9 VIIII au IX, usishtuke. Zipo chache zenye majina, LEG XVIII LYBICAE ni moja, na za walinzi na za wapelelezi, hizo ni ghali.

Fedha yake aliipunguza ubora kwa kuongeza shaba, na hilo ndo lililoziokoa. Watu walificha dinari nzuri wakazitumia hizi, zikazunguka mfuko hadi mfuko zaidi ya miaka 200 baada ya Antony kujiua. Ndo maana nyingi zimesagika. Marcus Aurelius na Lucius Verus, karibu miaka 200 baadaye, wakatoa dinari ya kuiga muundo huo kwa ajili ya lejioni ya VI. Kwa hiyo ukishika iliyosagika usiseme mbovu, imeshikwa na watu wengi kuliko nzuri zote za makumbusho.

HATUA YA 5: Ipime, usiiamini macho

Mara ya kwanza nilipigwa. Nilinunua “dinari ya Caesar” kwa mtu mmoja mtandaoni, picha nzuri, bei ya kuvutia, ilipofika ikawa nyepesi na laini laini kama sabuni iliyotumika. Kuzungusha ukingo kwenye taa nikaona mstari mwembamba umezunguka sarafu yote. Ilimiminwa kwenye kalibu ya vipande viwili, mstari ni pale vilipokutana. Hela haikurudi.

Kwa hiyo fanya hivi. Nunua mzani wa dijitali wa kusoma gramu 0.01 na lenzi ya kukuza mara 10, vyote ni bei ya chini. Kwanza ukingo, tafuta huo mstari au alama za tupa. Alafu uwanda ulio wazi kati ya picha, vishimo vidogo vya mviringo ni mapovu ya kumimina. Kisha herufi, kwenye sarafu iliyogongwa kuta za herufi zimesimama na fedha imetiririka kuelekea ukingoni kwa vimistari vyembamba, kwenye ya kumimina zimelegea.

Baada ya hapo kipimo cha maji. Weka kikombe cha maji juu ya mzani, rudisha iwe sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba uishushe mpaka izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Mzani utaonyesha namba, kwa yangu ilikuwa 0.35. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo, 3.62 kwa 0.35 ni 10.34. Fedha tupu ni 10.49, shaba ni 8.96, kwa hiyo 10.34 ni fedha iliyochanganywa kidogo, sawa kabisa na Antony. Ingekuwa shaba iliyovalishwa fedha mzani ungesoma kama 0.40 na jibu lingeshuka karibu na 9. Rudia mara 3 maana tofauti ya 0.01 inayumbisha jibu, na futa povu la hewa linaloganda kwenye sarafu.

Hizo za shaba zilizovalishwa fedha nyingine ni za zamani kweli, waghushi walikuwepo enzi hizo hizo, ndo maana wabadilisha fedha walikuwa wanapiga vile vialama. Zinakusanywa pia, ila bei yake sio ya fedha.

Mwisho tafuta picha za sarafu hiyo hiyo kwenye minada ya zamani. Ukikuta nyingine yenye mkwaruzo uleule, mpasuko uleule, sehemu ileile, zote mbili zimetoka kwenye kalibu moja. Wakati haukwaruzi sarafu mbili sawasawa.

HATUA YA 6: Uliza imetoka wapi

Hili msilichukulie poa. Oktoba 2020 huko London sarafu ya dhahabu yenye majambia yale yale ya Brutus, ambazo zinajulikana chache mno, iliuzwa zaidi ya dola milioni 4. Ikaja kugundulika karatasi za historia yake zilikuwa za uongo, na 2023 ikarudishwa Ugiriki. Kama mnunuzi wa mamilioni alidanganywa, wewe wa dola 150 uliza mapema: ilikuwa kwenye mkusanyo gani, mnada gani, mwaka gani, risiti iko wapi. Historia inayorudi nyuma kabla ya 1970, mwaka wa mkataba wa UNESCO, ni nzuri zaidi.

Ukienda kutembea Tunisia, Misri, Uturuki, Ugiriki au Italia na kijana akakunong'oneza kwenye magofu ana sarafu, muage kwa heshima. Ikiwa feki umeibiwa, ikiwa halisi umeingia matatani na sheria za nchi. Na nyie mliopo Uingereza mnaopita mashambani na mashine ya kutafuta chuma, kwanza ruhusa ya mwenye shamba, na sarafu mbili au zaidi za fedha zenye zaidi ya miaka 300 kutoka sehemu moja lazima ziripotiwe chini ya sheria ya hazina ya 1996.

HATUA YA 7: Ikishafika, iache ilivyo

Usiisugue. Sio dawa ya meno, sio limao, sio magadi, sio ile dawa ya kung'arisha mikufu. Ule utandu wa kijivu umechukua karne na ndo unaolinda fedha chini yake, sarafu iliyong'arishwa inapoteza nusu ya bei au zaidi na hairudi. Kama ina udongo, iloweke kwenye maji yaliyotoneshwa siku kadhaa ukibadilisha maji, kisha ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini. Ishike ukingoni.

Mifuko ya plastiki laini ya PVC iepuke, baada ya miaka inatoa ute wa kijani unaokula sarafu. Tumia kibahasha cha karatasi isiyo na asidi au kikasha cha plastiki ngumu, na weka pakavu, hasa ukiwa pwani ambako unyevu na chumvi ya hewani havina huruma na fedha.

Alafu andika kikaratasi uikunje nayo: namba ya Crawford, uzito, upana, ulinunua wapi, lini, bei gani, na yote uliyoambiwa kuhusu wamiliki wa nyuma. Kwenye changu nimeandika “Antony, 544, lejioni X na kitu, gramu 3.62, alama ya mwezi juu ya makasia”, na nafasi tupu chini kwa atakayekuja kuisoma namba vizuri kuliko mimi.